Pembe Zisizohitaji Betri

Najua wengi wenu mkishaona alama za hesabu ndani ya jarida la Chama cha Kiswahili mtageuza ukurasa haraka mkatafute mashairi, vitendawili na vichekesho. Nawaomba msigeuze. Haya ninayotaka kuyaeleza hayataki kifaa cha bei, hayataki betri, na yasemeka kwa Kiswahili kitupu bila ulimi kuteguka.

Katika maswali ya hesabu kuna maneno yanayowatia wengi wetu homa: "bila kutumia kikokotoo wala majedwali". Kikokotoo ndicho kile tukiitacho kalkuleta. Mwanafunzi akiyasoma maneno hayo huona kama amenyang'anywa jembe kisha akaambiwa alime. Halafu swali lenyewe lamtaka saini ya nyuzi 60 au tanjenti ya nyuzi 15. Hapo hata majogoo wa darasa huanza kutazama dari.

Mimi nasema maneno hayo si adhabu. Mwenye kuuliza hivyo amechagua pembe ambazo jibu lake hupatikana kwa akili na karatasi, tena jibu lililo kamili kushinda lile la kwenye kioo cha kalkuleta. Pembe hizo zote zatoka katika maumbo mawili tu, na maumbo yenyewe waweza kuyakunja sasa hivi kwa ukurasa wa daftari.

Jambo hili si la mchezo kwetu. Katika skuli ya kutwa si kila mtu ana kalkuleta yake. Utaona moja yazunguka madawati matatu, na mwenyewe akiitaka, hesabu za wengine zakwama njiani. Kutoka hapo mtu hujisemea ati hesabu si ya kina sisi, ni ya wenye vifaa. Makala haya nimeyaandika hasa kwa ajili ya huyo.

MANENO YA KUANZIA

Chukua ngazi uiegemeze ukutani. Ngazi, ukuta na sakafu vimefanya pembetatu. Pale ukuta unapokutana na sakafu pana pembe ya nyuzi 90, nayo twaiita pembe mraba. Sisi twaitazama ile pembe iliyo chini, kati ya ngazi na sakafu. Ngazi ndiyo upande mrefu. Ukuta umeikabili pembe yetu, kwa hivyo ni upande wa mkabala. Sakafu imekaa ubavuni mwa pembe, kwa hivyo ni upande wa jirani.

Basi shika haya matatu:

Saini ni mkabala kugawa kwa mrefu.
Kosaini ni jirani kugawa kwa mrefu.
Tanjenti ni mkabala kugawa kwa jirani.

Utauliza, je, ngazi ikiwa fupi na nyingine ndefu? Haidhuru. Pembe ikiwa ni ile ile, ngazi ndefu itapanda juu zaidi lakini kwa kiasi kile kile cha urefu wake. Ndiyo sababu twaweza kusema "saini ya nyuzi 30" bila kuuliza ni ya ngazi ya nani. Na ndiyo sababu pia tuna ruhusa ya kuchagua pembetatu yenye vipimo vyepesi.

SAINI ILIFIKAJE KWETU

Saini hii si ile ya kutia mkono kwenye barua. Ni neno lililosafiri. Wahindi wa kale, akiwemo mtaalamu Aryabhata aliyeandika kitabu chake mwaka wa 499, walifikiria uta. Mstari unaokata duara waliufananisha na upote, yaani kamba ya uta, nao wakauita "jya" au "jiva". Waarabu walipoipokea elimu hiyo waliandika "jiba". Kwa kuwa maandishi ya Kiarabu huachilia irabu fupi, waliokuja baadaye waliisoma "jaib", neno ambalo maana yake ni mfuko au uwazi wa nguo kifuani. Katika karne ya 12 wafasiri wa Ulaya wakalitafsiri hilo la mfuko kwa Kilatini, "sinus". Kutoka huko ndiko tumepata saini. Si unaona? Kamba ya uta iligeuka mfuko wa kanzu, na hesabu haikuharibika.

Wataalamu wa Kiislamu waliipenda elimu hii kwa sababu waliihitaji. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka wa 973, aliitumia kutafuta upande wa kibla katika mji wa Ghazna, ulio Afghanistan ya leo. Sisi wa Mombasa tumepunguziwa kazi hiyo. Mombasa iko karibu nyuzi 39.7 mashariki na Makka iko karibu nyuzi 39.8, kwa hivyo kibla yetu ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Ndiyo maana wazee wa pwani wakitaja "upande wa kibla" huwa wamekusudia kaskazini. Mtu wa Ghazna hakuwa na bahati hiyo. Ilimbidi apige hesabu za saini, tena kwa kalamu tu.

KARATASI YA KWANZA: NYUZI 45

Chukua karatasi ya mraba, pande zote sawa. Ikunje kona kwa kona. Umepata pembetatu yenye pembe mraba moja, na zile kona mbili zilizobaki zimegawana nyuzi 90 sawa kwa sawa, yaani 45 na 45.

Upande mmoja wa mraba tuuite 1. Ule mkunjo ni wa urefu gani? Kanuni ya Pythagoras yasema: zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, ujumlishe, upate upande mrefu uliozidishwa kwa wenyewe. 1 na 1 ni 2. Kwa hivyo mkunjo ni kipeuo cha pili cha 2, ambacho huandikwa √2. Kipeuo cha pili ndicho kile wengi hukiita skwea ruti.

Sasa soma majibu kwenye karatasi yako:

Saini 45 = 1/√2, ambayo ni sawa na √2/2.
Kosaini 45 = 1/√2, vile vile √2/2.
Tanjenti 45 = 1/1 = 1.

Hiyo tanjenti ya 45 kuwa 1 ina faida kubwa. Tuseme umesimama ufuoni Likoni, na ng'ambo ya pili, sawasawa mbele yako, kuna mti. Tembea kando ya maji kwa mstari ulionyooka huku ukiutazama mti kupitia karatasi yako uliyoikunja. Mstari wa ufuo na mstari wa kwenda kwenye mti vikifanya nyuzi 45, simama. Hatua ulizotembea ndizo upana wa maji. Umeupima mkono wa bahari na wala hukupanda feri.

KARATASI YA PILI: NYUZI 30 NA 60

Sasa chukua ukurasa wa daftari uliosimama wima. Ukunje katikati kwa urefu, kisha uukunjue, ili ubaki na alama ya mkunjo katikati. Kona ya chini kulia ibebe mpaka iguse ile alama ya katikati, huku mkunjo mpya ukipita kwenye kona ya chini kushoto. Pale kona ilipogusa tia nukta. Ukiunganisha nukta hiyo na kona mbili za chini utapata pembetatu ya pande tatu sawa. Kila pembe yake ni nyuzi 60.

Kwa nini pande ni sawa? Kwa sababu upande wa kushoto wa pembetatu ni ule ule ukingo wa chini wa karatasi, umeinuliwa tu. Na kwa kuwa nukta iko katikati, upande wa kulia nao ni lazima ulingane na wa kushoto.

Kila upande wa pembetatu hiyo tuuite 2. Ule mkunjo wa katikati waigawa nusu kwa nusu. Kila nusu ina pembe mraba, ina nyuzi 60 chini na 30 juu. Upande wa chini sasa ni 1, upande mrefu ni 2. Na kimo? Pythagoras tena: 4 kutoa 1 ni 3, kwa hivyo kimo ni √3.

Majibu haya hapa:

Saini 30 = 1/2, kosaini 30 = √3/2, tanjenti 30 = 1/√3.
Saini 60 = √3/2, kosaini 60 = 1/2, tanjenti 60 = √3.

Angalieni, saini ya 30 ndiyo kosaini ya 60. Si bahati nasibu. Upande ulio mkabala wa pembe moja ndio jirani wa ile nyingine. Wakati wowote pembe mbili zikijumlishwa ziwe 90, saini ya moja ni kosaini ya mwenzake.

MKONO WAKO WA KUSHOTO

Kwa wale wanaosahau upesi, iko njia ya vidole. Ukijipanga kwa namna hii, saini zote tano zafuatana kama watoto wa chekechea:

Saini 0 = √0/2, yaani 0
Saini 30 = √1/2, yaani 1/2
Saini 45 = √2/2
Saini 60 = √3/2
Saini 90 = √4/2, yaani 1

Nyosha kiganja cha kushoto kikuelekee, kidole gumba kikiwa juu. Kidole cha mwisho, yaani cha chini kabisa, ni 0. Kinachofuata ni 30, cha kati ni 45, cha shahada ni 60, na gumba ni 90. Ukitaka saini ya pembe, kunja kidole chake uhesabu vidole vilivyo chini yake, utie kipeuo, ugawe kwa 2. Ukitaka kosaini, hesabu vidole vilivyo juu yake. Mfano, kunja cha 60: chini vimebaki vitatu, kwa hivyo saini ni √3/2. Juu kimebaki kimoja, kwa hivyo kosaini ni 1/2. Vidole ni ukumbusho tu. Ushahidi wenyewe uko kwenye karatasi zako mbili.

KWA NINI TUSISEME 0.866 TU?

Hili ndilo swali wenzangu huniuliza sana. Kalkuleta nyingi tulizo nazo ukibonyeza saini 60 zatoa 0.866 na tarakimu nyingine nyuma yake. Si yatosha?

Yatosha kwa kukata mbao. Lakini si jibu kamili, kwa sababu √3 haina mwisho wala mpango katika desimali. Kalkuleta hukata mkia pale nafasi ilipomwishia. Tuseme √3 ni 1.732. Izidishe kwa yenyewe, wapata 2.999824. Tatu iko wapi? Imepungua. Kadiri unavyozidi kuzidisha na kugawa, ndivyo upungufu unavyozidi kutambaa. Lakini ukiiacha √3 kama ilivyo, √3 mara √3 ni 3, hakuna nongwa.

Tena desimali huficha siri. Fikirini mnazi ulionyooka. Simama mita 9 kutoka shinani, na tuseme kilele chake chaonekana kwa nyuzi 60. Kimo chake, kuanzia usawa wa jicho lako, ni 9 mara tanjenti 60, yaani 9√3, karibu mita 15.6. Sasa rudi nyuma mpaka kilele kionekane kwa nyuzi 30. Umefika wapi? Umbali mara 1/√3 lazima uwe 9√3. Kwa hivyo umbali ni 9 mara √3 mara √3, ambayo ni 27. Mita 27 barabara! Umbali umekuwa mara tatu, na itakuwa mara tatu kwa kila mnazi, kila mnara na kila nguzo ya stima. Ukitumia desimali utapata 26 na vijipande vingi, au 27 na kijimkia, na hutajua kama ile 3 ni kweli au ni bahati.

PEMBE ZILIZOPITA 90

Katika kidato cha tatu hukutana na pembe kama 150 na 225, ambazo haziingii ndani ya pembetatu ya ngazi. Hapo huchora duara ambalo nusu kipenyo chake ni 1. Unaanzia kulia na kuzunguka kinyume cha saa. Popote utakaposimama, kimo chako kutoka mstari wa katikati ulalao ndicho saini, na umbali wako wa kwenda kulia au kushoto ndiyo kosaini. Juu na kulia ni chanya. Chini na kushoto ni hasi. Tanjenti ni saini kugawa kwa kosaini.

Kazi ni hatua mbili tu. Kwanza, tazama pembe yako iko mbali kiasi gani na mstari ulalao. 150 imebakisha 30 ifike 180, kwa hivyo yatumia namba za 30. 225 imepita 180 kwa 45, kwa hivyo yatumia namba za 45. Pili, tia alama ya chanya au hasi kulingana na robo ya duara uliyomo.

Kukumbuka alama, wengine wana sentensi yao ya Kizungu ya mambo ya kahawa. Mimi nimejitungia ya kwetu: Yusufu, Sasa Tule Kaimati. Robo ya kwanza Yote ni chanya. Ya pili Saini pekee. Ya tatu Tanjenti pekee. Ya nne Kosaini pekee. Mwenye kupenda kaimati hawezi kuisahau.

Tujaribu swali la mtindo wa mtihani. Bila kikokotoo, tafuta: saini 150 jumlisha tanjenti 225, jibu ligawe kwa tanjenti 60.

Saini 150 iko robo ya pili, ni chanya, ni 1/2. Tanjenti 225 iko robo ya tatu, ni chanya, ni 1. Jumla yao ni 3/2. Gawa kwa √3, wapata 3/(2√3). Zidisha juu na chini kwa √3: juu 3√3, chini 6. Jibu ni √3/2. Kwisha.

KUIKATA PEMBE NUSU

Sasa tuifikie ile tanjenti 15 iliyotutazamisha dari. Kuna kanuni ndefu za kuipata, lakini mimi napenda njia ya kurefusha sakafu.

Chora pembetatu ya 30 kwa pande zake: mkabala 1, jirani √3, mrefu 2. Sasa ule upande wa jirani, yaani sakafu, uendeleze nyuma kupita ile pembe ya 30, uuongeze urefu wa 2. Kutoka ncha mpya chora mstari mpaka juu ya ukuta. Tazama pembetatu mpya iliyozaliwa nyuma: ina pande mbili sawa, ile ngazi ya 2 na ile nyongeza ya 2. Pembetatu ya pande mbili sawa ina pembe mbili sawa. Na pembe hizo mbili zikijumlishwa ni sawa na pembe ya nje, ambayo ni 30. Basi kila moja ni 15!

Pale kwenye ncha mpya, mkabala ni 1 na jirani ni 2 + √3. Kwa hivyo:

Tanjenti 15 = 1/(2 + √3)

Zidisha juu na chini kwa 2 − √3. Chini yawa 4 − 3, yaani 1. Jibu: tanjenti 15 = 2 − √3.

Upande mrefu wa pembetatu hiyo kubwa ukiuzidisha kwa wenyewe ni 8 + 4√3. Hiyo ni sawa kabisa na (√6 + √2) iliyozidishwa kwa yenyewe, jipigieni mhakikishe. Kwa hivyo:

Saini 15 = 1/(√6 + √2) = (√6 − √2)/4
Kosaini 15 = (√6 + √2)/4

Na kwa kuwa 15 na 75 zajumlika kuwa 90, umeipata na 75 bila jasho. Uzuri wa njia hii ni kwamba haichagui. Pembe yoyote uliyo nayo, refusha sakafu kwa urefu wa ngazi, na pembe yaanguka nusu.

ZAWADI YA NYUZI 18

Karatasi mbili zatosha mtihani. Lakini iko pembetatu ya tatu ambayo siwezi kuipita bila kuitaja. Ina pembe za 36, 72 na 72. Pande zake mbili ndefu tuziite 1, na kitako chake tukiite k. Pembe moja ya 72 ikate nusu kwa mstari mpaka upande wa pili. Utaona vimetokea vipande viwili. Kimoja kina pembe mbili za 36, kwa hivyo kina pande mbili sawa. Kingine kina 36, 72 na 72, yaani ni mtoto wa pembetatu ile ile, sura moja na mamaye. Katika huyo mtoto, pande ndefu ni k na kitako ni 1 − k.

Kwa kuwa mama na mtoto wana sura moja, 1 kwa k ni kama k kwa 1 − k. Kwa hivyo k mara k ni 1 − k. Hii ni milinganyo ya kipeo cha pili tuliyofundishwa mwanzo wa kidato hiki! Jibu lake ni k = (√5 − 1)/2. Ukiigawa pembetatu katikati, ile 36 ya juu yawa 18 na 18, na kitako chawa nusu ya k. Basi saini 18 = (√5 − 1)/4.

MAHALI NJIA INAPOKWISHA

Ukiwa na 18 na 15, tofauti yake ni 3. Kwa kanuni za kutoa pembe, ambazo wengine watazikuta mbele ya safari, saini 3 nayo yapatikana kamili kwa vipeuo vya pili. Bas, utadhani kesho tutapata saini 1 kwa kuigawa 3 mara tatu. Hapa ndipo jahazi hugota mwamba. Kugawa pembe mara mbili kwataka kipeuo cha pili, lakini kugawa mara tatu kwataka mlinganyo wa kipeo cha tatu.

Al-Kashi, mtaalamu wa Samarkand aliyefariki mwaka wa 1429, aliijua shida hiyo. Aliuchukua mlinganyo wenyewe, akabuni njia ya kurudia hesabu tena na tena, kila duru ikilikaribia jibu zaidi, mpaka akapata saini 1 kwa usahihi wa ajabu. Lakini ilikuwa ni kukaribia tu. Mwaka wa 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba pembe ya 60 haigawiki mara tatu kwa rula na bikari, na kwa sababu iyo hiyo saini 1 haiandikiki kwa vipeuo vya pili pekee. Kwa hivyo hata kalkuleta ya bei ghali ikikuonyesha saini 1 kwa desimali, yakuonyesha makadirio.

Ndiyo maana nasema tusiogope. Mtu akikwambia "bila kikokotoo", amekupeleka kwenye pembe ambazo zina jibu kamili. Kwa pembe hizo, wewe na karatasi yako mna neno la mwisho, na mwenye kalkuleta ndiye anayekadiria.

Kuna aliyewahi kuniambia ati Kiswahili ni cha mashairi na hadithi, hesabu ina lugha yake. Makala haya umeyasoma mpaka hapa, na ninaamini tanjenti 15 umeielewa. Jibu lake ni hilo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawaachia fumbo. Chukueni karatasi ya kwanza, ile ya 45, mrefushe sakafu kwa √2. Tafuteni tanjenti ya nyuzi 22.5. Ukipata √2 − 1, umehitimu. Ukipata 0.414, kunja karatasi uanze upya.